Nani Anamwita Nani: Kusanidi Mratibu wa Paiplaini Ukiwa Kisumu

Kusakinisha Jenkins, programu ya kuratibu safari ya msimbo hadi kwa mtumiaji (yaani paiplaini), kwenye seva ya Ubuntu ni kazi ya nusu saa, na sehemu kubwa ya hiyo nusu saa ni kusubiri faili zishuke. Maswali huanza baadaye. Msimbo umesukumwa lakini hakuna kilichoanza. Stima ilipotea usiku na asubuhi paiplaini imekwama katikati. Diski imejaa. Aliyebonyeza vitufe siku ya kwanza amepata kazi Nairobi, na waliobaki hawajui alibonyeza nini. Karibu yote haya yana chanzo kimoja: kuna mambo matatu ambayo miongozo ya usakinishaji huyapitia juu juu. Nani anamwita nani, kazi yenyewe inafanyikia kwenye mashine gani, na kumbukumbu, yaani rekodi na faili za kazi, zinakaa wapi. Mtu anayefanya kazi Kisumu, Kakamega au Nakuru hulazimika kuyajibu kwa namna yake, kwa sababu waandishi wa miongozo hiyo huchukulia kwamba seva haizimiki na intaneti ni ya kumwaga.

Uratibu wa nini hasa?

Neno uratibu hutumika kwa mambo tofauti, na hapo ndipo wengi hupotea. Kubernetes, iliyotoka Google mwaka 2014, inaratibu makontena, yaani vifurushi vinavyoendesha programu pamoja na kila inachohitaji: inahakikisha nakala tatu za programu yako ziko hai, na moja ikifa inaamsha nyingine. Airflow, iliyoanzia Airbnb mwaka huohuo, inaratibu kazi za data: chota mauzo ya jana hapa, yasafishe, yaweke kule. Jenkins, GitLab CI na GitHub Actions zinaratibu safari ya msimbo kutoka kwa aliyeuandika hadi kwa anayeutumia. Tangazo la kazi laweza kuzitaja zote kwa pumzi moja, lakini kuijua moja hakukufundishi nyingine. Hapa tunazungumzia kundi la tatu.

Tuchukue timu ya watu watano wenye ofisi Milimani, Kisumu, wanaotengeneza mfumo wa chama cha ushirika cha maziwa. Karani anapima maziwa asubuhi, anaingiza kilo kwenye simu, na mwisho wa mwezi mkulima analipwa kwa M-Pesa. Mmoja wa wale watano akirekebisha hesabu ya makato, rekebisho lake lina safari ndefu: maktaba zishushwe, programu ijengwe, majaribio yaendeshwe, imeji ya kontena (kiolezo cha kuanzishia kontena) itengenezwe, iwekwe kwenye seva ya majaribio, ikaguliwe, ndipo ifike kwenye seva inayowahudumia wakulima. Mfululizo huo wa hatua ndio paiplaini. Pasipo mratibu, safari nzima iko kichwani mwa mtu mmoja na kwenye laptopu yake, na siku akiwa matangani Siaya hakuna kinachotoka.

Mratibu ni kama karani wa steji ya matatu za Busia. Anajua gari lipi linafuata, anaandika lililotoka na saa lilipotoka, halitoki la nyuma kabla ya zamu yake, lakini yeye haendeshi gari lolote. Jenkins haijui kujenga programu ya Java wala kupima ya Python. Inachojua ni kuziita amri kwa mpangilio, kuangalia kama amri imerudisha sifuri (imefaulu) au kosa, na kuweka rekodi. Ndiyo maana paiplaini isiyofanya kazi kwa mkono haitafanya kazi ndani ya mratibu. Kama huwezi kujenga mfumo wako kwa kuandika amri tatu kwenye mashine tupu, anza hapo kwanza. Chombo chochote utakachosakinisha kitakuonyesha tatizo lilelile kwa maandishi mekundu.

Umri wa chombo hueleza tabia zake. Jenkins ilianza mwaka 2004 kwa jina la Hudson, kazi ya Kohsuke Kawaguchi alipokuwa Sun Microsystems. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010 kukazuka mvutano kuhusu jina na usimamizi, na mwaka 2011 jamii ya watumiaji ikahama na msimbo wake na kuuita Jenkins. Ni chombo cha enzi ya seva moja iliyokaa chini ya meza ya mtu, ambapo kila mpangilio ulifanywa kwa kubonyeza kwenye kivinjari. Paiplaini iliyoandikwa kama faili ndani ya repo (ghala la msimbo), yaani Jenkinsfile, ilikuja kuwa kiini chake katika toleo la 2.0 la mwaka 2016. GitLab CI na GitHub Actions, ambayo ilifunguliwa rasmi kwa wote Novemba 2019, zimejengwa juu ya wazo hilo la faili. Ukiona miongozo miwili ya Jenkins inapingana kama vile inazungumzia vitu viwili tofauti, tazama miaka iliyoandikwa.

Nani anamwita nani

Hili ndilo swali linalostahili muda wako mwingi zaidi.

Ukisukuma msimbo kwenye GitHub au GitLab, huduma za kutunza msimbo mtandaoni, mratibu anajuaje? Njia inayofundishwa zaidi ni webhuki: GitHub yenyewe inatuma ujumbe kwa anwani ya seva yako, mathalani anwani inayoishia na /github-webhook/ kwenye Jenkins, kusema kuna jipya. Njia hiyo ni ya haraka na safi. Ina sharti moja tu: GitHub iweze kuifikia seva yako kutoka nje. Hapo ndipo ofisi yetu ya Milimani inapokwama. Mashine iliyo nyuma ya ruta ina anwani ya ndani, inayoanza na 192.168 au 10, na mtu wa nje hawezi kuiita. Unaweza kufungua poti (mlango wa mtandao wenye namba) kwenye ruta, lakini watoa intaneti wengi huwaweka wateja kadhaa nyuma ya anwani moja ya umma. Kuna njia ya kujua kama umo humo: fungua ukurasa wa ruta, tafuta anwani ya upande wa nje. Ikiwa inaanza na namba kati ya 100.64 na 100.127, anwani hiyo si ya umma, mnaitumia na majirani msiowajua, na hakuna poti utakayofungua ikasaidia. Laini za data za simu nazo mara nyingi ni hivyohivyo.

Wapo wanaochimba njia ya pembeni kwa zana kama ngrok. Kwa kujaribu jioni moja, sawa. Kwa mfumo unaolipa wakulima, sipendi.

Njia ya pili ni kugeuza mwelekeo wa simu: mratibu ndiye aulize. Jenkins inaweza kuangalia repo kila baada ya dakika tano kwa ratiba inayoandikwa H/5 * * * *. Ile H si pambo. Inaiambia Jenkins ichague dakika ya kuanzia kutokana na jina la kazi, ili kazi zote zisiamke sekunde ileile na kuikaba mashine. Ubaya wa njia hii ni kusubiri, na kuuliza kusiko na mwisho hata siku ambayo hakuna aliyeandika kitu. Hata hivyo inafanya kazi nyuma ya ruta yoyote.

Ya tatu ndiyo ninayoipendekeza kwa timu ndogo ya huku kwetu. Mratibu anakaa kwenye huduma ya mtandaoni, GitLab au GitHub, na wewe unasakinisha wakala tu ofisini, yaani programu inayoendesha kazi zenyewe. Wakala huyo, ambaye GitLab humwita GitLab Runner, ndiye anayepiga simu kwenda nje kupitia HTTPS, poti 443, na kuuliza kama kuna kazi. Kwa kawaida huuliza kila sekunde tatu. Hakuna poti ya kufungua, hakuna anwani ya umma ya kununua. Ruta inaona kitu kisicho tofauti na mtu anayesoma gazeti mtandaoni. Wakala wa GitHub naye hufuata mwelekeo huohuo wa kutoka ndani kwenda nje.

Usakinishaji wa GitLab Runner ni mfupi. Unaweka kifurushi chake, unafungua mradi wako kwenye GitLab na kuunda wakala mpya, unapewa tokeni inayoanza na glrt-, kisha kwenye mashine unaendesha `gitlab-runner register` na kuibandika. Miongozo ya kabla ya toleo la 16 inatumia tokeni ya usajili ya aina nyingine, ambayo imewekwa kwenye njia ya kuondolewa, ikikataa, usishangae. Swali moja muhimu unaloulizwa ni la njia ya kuendesha kazi. Ukichagua shell, amri zinaendeshwa moja kwa moja kwenye mashine, na uchafu wa kazi ya jana unabaki kuisumbua kazi ya leo. Ukichagua docker, kila kazi inapata kontena jipya na kulitupa ikimaliza. Chagua docker.

Majibu yako yote yanahifadhiwa kwenye /etc/gitlab-runner/config.toml, faili fupi ambayo watu hawaisomi. Isome. Mstari wa juu, concurrent = 1, unasema wakala afanye kazi moja kwa wakati mmoja. Timu ya watano ikilalamika kwamba paiplaini zinapanga foleni, mara nyingi jibu liko hapo, si kwenye kununua mashine mpya. Ongeza hadi mbili au tatu kulingana na kumbukumbu (RAM) ya mashine yako, kisha tazama inavyostahimili.

Kuna onyo moja: wakala aliye kwenye mashine yako asifungwe kwenye repo iliyo wazi kwa umma. Mtu yeyote anaweza kunakili repo hiyo, kubadilisha faili ya paiplaini, kuomba badiliko lake lipokelewe, na amri zake zikaendeshwa ndani ya ofisi yako.

Kama bado unataka Jenkins

Zipo sababu nzuri. Msimbo hauruhusiwi kutoka nje ya jengo, au mwajiri tayari anaitumia, au kuna programu-jalizi fulani (nyongeza ya Jenkins) usiyoipata kwingine. Basi fahamu mahali miguu huteleza.

Jenkins ni programu ya Java, na haikuletei Java yenyewe. Matoleo thabiti kuanzia 2.479.1 ya Oktoba 2024 yalianza kudai angalau Java 17; kwa toleo unalosakinisha, hakiki kwenye ukurasa rasmi. Ukiisakinisha kabla ya Java, huduma inakufa kimya na apt inakulaumu kwa ujumbe usioeleweka. `journalctl -u jenkins` ndiyo itakayokwambia ukweli. Ufunguo wa kuthibitisha vifurushi hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo amri ya kuuweka ichukue kwenye ukurasa rasmi wa Jenkins siku ile unayosakinisha, usiinakili kutoka kwa video ya zamani.

Inasikiliza kwenye poti 8080, na nywila ya kwanza iko kwenye /var/lib/jenkins/secrets/initialAdminPassword. Kubadilisha poti kumewachosha wengi. Miongozo ya zamani inasema uhariri /etc/default/jenkins. Unahariri, unaiwasha upya, na hakuna kinachobadilika. Kuanzia toleo la 2.332.1, la mwaka 2022, mpangilio huo ulihamia systemd, msimamizi wa huduma za Linux. Unaandika `systemctl edit jenkins`, unaongeza Environment="JENKINS_PORT=8081" chini ya [Service], ndipo unaiwasha upya.

Usiiache wazi kwenye intaneti hata kwa wikendi. Januari 2024 lilitangazwa kosa la usalama lenye namba CVE-2024-23897, ambalo lilimwezesha mtu wa nje kusoma sehemu za faili za seva kupitia njia ya amri ya Jenkins, na kwa mipangilio fulani kusoma faili nzima. Lilirekebishwa katika 2.442 na 2.426.3. Waliokuwa wamefungua poti 8080 kwa ulimwengu walilazimika kukimbia. Kama lazima ifikiwe kutoka nyumbani, ipitishe kwenye VPN (njia ya faragha ya mtandao).

Halafu programu-jalizi. Ziko zaidi ya elfu moja na mia nane, na ukurasa wa usakinishaji unakupa kitufe cha kuweka zile zinazopendekezwa. Kibonyeze, kisha zuia mkono wako. Kila programu-jalizi ni msimbo wa mtu mwingine unaoishi ndani ya mratibu wako na kusubiri kusasishwa. Ya lazima kuongezwa, kwa maoni yangu, ni ile ya Configuration as Code. Hiyo inakuruhusu kuandika mipangilio ya Jenkins yenyewe kwenye faili ya YAML (muundo wa maandishi ya mipangilio) na kuiweka kwenye repo. Yule aliyehamia Nairobi angekuwa ameacha faili, badala ya kuacha mafumbo.

Kazi inafanyikia wapi

Jenkins mpya hufanya kazi zote ndani ya seva ileile inayoratibu. Ni rahisi, na ndiyo hatari yake. Paiplaini ikila kumbukumbu yote, mratibu mwenyewe anaanguka. Hatua yenye nia mbaya inaweza kusoma siri zote kwenye folda ya Jenkins. Nenda kwenye mipangilio ya nodi ya ndani, weka idadi ya watekelezaji (nafasi za kuendeshea kazi) kuwa 0, kisha unganisha wakala aliye kwenye mashine nyingine. Anaweza kuitwa na Jenkins kupitia SSH, au yeye akaiita Jenkins kupitia poti 50000 au WebSocket. Swali la nani anamwita nani limerudi tena, na jibu ni lilelile: mwenye anwani inayofikika ndiye aitwe.

Kuhusu ukubwa wa mashine, nyaraka za Jenkins zinataja MB 256 za kumbukumbu kuwa kiwango cha chini kabisa, na GB 4 au zaidi pamoja na diski ya GB 50 kwa timu ndogo. Chukua hesabu ya pili. Kompyuta iliyotumika ya mezani, yenye GB 8 na diski ya SSD, ni wakala mzuri tu.

Sasa bando. Kila kazi inapoanza kwenye kontena jipya, maktaba zote hushushwa upya, na imeji ya kontena pia. Kwa mtu aliye Frankfurt hilo halionekani. Kwa ofisi inayolipia intaneti ya kasi ndogo, paiplaini ya dakika tatu inakuwa ya dakika ishirini. Kwenye config.toml weka pull_policy = "if-not-present" ili wakala atumie imeji aliyokwisha kushusha, ukijua kwamba toleo jipya lenye jina lilelile halitaonekana mpaka ulivute mwenyewe. Washa akiba ya maktaba kwenye faili ya paiplaini. Timu ikikua, weka Verdaccio kwa npm (maktaba za JavaScript) au Nexus kwa aina nyingi, zinazotunza nakala ndani ya ofisi.

Kuna jambo moja ambalo huwachanganya watu wa intaneti ya kushirikiana. Tangu Novemba 2020 Docker Hub, ghala la imeji la mtandaoni, huweka kikomo cha imeji ambazo mtu asiyeingia kwa akaunti anaweza kushusha, na huhesabu kwa anwani ya intaneti. Kama anwani yako mnaitumia na majirani, wao wanakula kikomo chako. Paiplaini inakataa saa nne asubuhi, inakubali saa sita usiku, na hakuna mtu aliyegusa kitu. Ingia kwa akaunti, hata ya bure, nawe utahesabiwa peke yako.

Na usiunganishe /var/run/docker.sock, faili ambayo Docker hupokelea amri, ndani ya kontena la kazi kwa sababu tu mwongozo umesema. Aliyeishika faili hiyo ameishika mashine nzima.

Faili yenyewe

Paiplaini ya ushirika wetu, katika GitLab, inaweza kuanza hivi, ndani ya faili iitwayo .gitlab-ci.yml:

```
stages:
  - jenga
  - jaribu
  - peleka

default:
  image: node:22
  cache:
    key:
      files:
        - package-lock.json
    paths:
      - .npm/

jenga:
  stage: jenga
  script:
    - npm ci --cache .npm
    - npm run build
  artifacts:
    paths:
      - dist/

jaribu:
  stage: jaribu
  script:
    - npm ci --cache .npm
    - npm test

peleka:
  stage: peleka
  script:
    - ./peleka.sh
  resource_group: seva-ya-wateja
  rules:
    - if: $CI_COMMIT_BRANCH == "main"
      when: manual
```

Majina ya hatua yanaweza kuwa ya Kiswahili, mratibu hajali. Tazama artifacts: kila kazi ina kontena lake, kwa hiyo folda ya dist iliyozaliwa kwenye jenga isingefika kwenye peleka kama isingetajwa hapo. Anayeanza hupoteza mchana mzima akitafuta faili aliyoiona ikitengenezwa kwa macho yake. Tazama pia when: manual, inayoifanya hatua ya mwisho isubiri mtu abonyeze, na resource_group, inayozuia upelekaji wa pili usianze wakati wa kwanza haujaisha.

Na peleka.sh ni faili ya kawaida. Sikuziandika amri zake ndani ya YAML, na ninalishikilia hilo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Siku ya namna hiyo mratibu aliye ng'ambo hafikiki vizuri, lakini mwenye hati ya amri iliyo kamili bado anaweza kuiendesha kwa mkono kutoka laptopu yake. Pia ukihama kutoka GitLab kwenda Jenkins, unachoandika upya ni mistari ya mpangilio tu.

Funguo za pesa

Mfumo wetu unalipa watu. Daraja, mlango wa watayarishaji programu wa M-Pesa, una mazingira mawili: ya majaribio yaliyo sandbox.safaricom.co.ke na ya kweli yaliyo api.safaricom.co.ke, kila moja na funguo zake. Hatua ya jaribu isiwe hata na uwezo wa kuziona funguo za kweli. Jaribio la kumlipa mkulima likiendeshwa kwa ufunguo usio wake, pesa zimeondoka, na kuzirudisha ni barua na simu nyingi.

Kwenye GitLab, kila siri ina alama mbili ambazo huchanganywa. Iliyofichwa, Masked, haionekani kwenye logi (rekodi ya maandishi ya kazi), basi. Msimbo unaoendeshwa bado unaweza kuisoma, na mtu anaweza kuigeuza kwa base64 (namna nyingine ya kuandika data kwa herufi) na kuichapisha ikapita. Iliyolindwa, Protected, haitolewi kabisa kwa tawi (mkondo wa msimbo) lisilolindwa. Funguo za kweli zinahitaji zote mbili. Kwenye Jenkins, ziweke kwenye Credentials ndani ya folda ya mradi husika, zisiwe za seva nzima. Ufunguo uliowahi kuingia kwenye repo umeshavuja hata ukifutwa kesho yake, kwa kuwa historia ya Git inautunza, omba mpya.

Na data ya majaribio isiwe nakala ya wakulima halisi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu jina na namba ya simu kuwa data binafsi, na logi za paiplaini husomwa na watu wengi kuliko unavyodhani. Tunga wakulima wa uongo.

Stima ikipotea

Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya nchi ililala gizani, lakini hata zile dakika kumi za kawaida zinatosha kuharibu upelekaji uliofika nusu. Ya msingi ni matatu: `systemctl enable` ili huduma ijiwashe, mpangilio wa BIOS unaoiwasha mashine stima irudipo, na UPS inayobeba ruta pia. Wengi huikumbuka kompyuta na kuisahau ruta.

Jenkins huandika hatua za paiplaini kwenye diski inavyoendelea, na kwa mpangilio wake wa kawaida, ulio wa kudumu zaidi, inaweza kuendelea kutoka ilipoachia. Upo mpangilio wa kasi unaopunguza uandishi huo. Kwenye diski ya zamani unasaidia, ila stima ikikatika ghafla paiplaini hiyo imekufa. Kwa GitLab, wakala akizimika, kazi hubaki ikionekana inaendelea mpaka muda wake wa saa moja uishe. Mstari wa retry wenye stuck_or_timeout_failure unairudia yenyewe, lakini usiuweke kwenye peleka kabla ya kuhakikisha peleka.sh inaweza kurudiwa bila madhara. Namna rahisi: toleo jipya liwekwe kwenye folda yake mpya, likamilike, kisha kiungo kimoja kinachoelekeza kwenye folda inayotumika kigeuzwe mwishoni kabisa. Stima ikikatika kabla ya hapo, wakulima bado wako kwenye toleo la zamani.

Kazi za usiku ziangalie saa. Ratiba nyingi za mtandaoni, usiposema vingine, husoma UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Ukitaka saa nane usiku wa Kisumu unaandika 23, na ni tarehe ya jana yake. Malipo ya mwisho wa mwezi yakipangwa bila kujua hilo yatatoka siku isiyo yake. Jenkins inakubali mstari wa TZ=Africa/Nairobi juu ya ratiba; GitLab ina sehemu ya kuchagua saa za eneo.

Kumbukumbu

Kila paiplaini inaacha logi na faili, na diski hujaa polepole mpaka siku inapokataa kabisa. Kwenye Jenkinsfile weka buildDiscarder(logRotator(numToKeepStr: '20')). Kwa mawakala wa docker, panga `docker system prune` kila wiki, usiku, wakati hakuna kazi.

Kwa aliyeweka kila kitu kwenye GitLab ya mtandaoni, kilichobaki ofisini ni wakala, na wakala akiharibika unasajili mwingine chai haijapoa. Ndiyo sababu nyingine ninayoupendelea mpango huo, na wakala wako hatumii dakika 400 za bure za mashine za GitLab unazopewa kwa mwezi. Mwenye Jenkins ana mzigo wa kutunza /var/lib/jenkins. Siri zake ziko kwenye credentials.xml, lakini zimefungwa kwa funguo zilizo kwenye folda ya secrets. Nakala iliyochukua moja na kuiacha nyingine itarudi na orodha nzuri ya majina ya siri ambazo hakuna anayeweza kuzifungua. Chukua zote mbili, ila folda ya secrets iwekwe mahali tofauti, maana aliye na zote mbili ana funguo zako za M-Pesa. Kisha rejesha nakala hiyo kwenye mashine nyingine, endesha kazi moja inayotumia ufunguo wa Daraja wa majaribio, na uone kama inapita.